"Nina Mawazo": Kiswahili cha Moyo Uliolemewa



Katika toleo hili tumeziweka kando kwa muda ngeli, tahajia na mijadala ya fasihi ili tuzungumzie afya ya akili. Bila shaka wapo watakaouliza idara ya Kiswahili inatafuta nini katika shamba la madaktari. Jibu letu ni kwamba mtu anayeumia ndani haanzi kwa daktari. Huanza kwa kusema neno kwa mtu aliye karibu naye: mwenzake wa bwenini, mama yake, mke au mume wake, mwalimu wake. Neno hilo likieleweka, safari ya kupata msaada imeanza. Lisipoeleweka, mara nyingi hasemi tena. Na hapa Uganda, ambako wengi wetu tumejifunza Kiswahili darasani wala si nyumbani, tena tumejifunza kwa kupitia Kiingereza, ni rahisi sana neno la namna hiyo kupotea njiani.

Wazo na mawazo

Tuchukue sentensi moja: "Siku hizi nina mawazo." Mwanafunzi aliyekariri kwamba wazo ni fikra, na wingi wake ni mawazo, ataipokea kwa furaha. Atamwomba msemaji ayatoe hayo mawazo, na pengine atashika kalamu ayaandike. Kumbe msemaji hana wazo lolote la kutoa. Anasema kwamba kuna mambo yanamzunguka kichwani usiku na mchana, hayampi nafasi ya kulala wala ya kusoma.

Kisarufi tofauti hii inafundishika. Mawazo yakifuatwa na sifa kama vile mazuri, mapya au ya kujenga, ni fikra za kawaida. Yakisimama peke yake ("ana mawazo"), au yakifuatwa na "mengi", mara nyingi ni dhiki. Na yakiwa ndiyo yanayotenda huku mtu akiwa ndiye anayetendwa, kwa mfano "mawazo yamemzidi", "yamemlemea", "yanamla", hapo hapana shaka tena. Mwenye kuwaza amekwisha geuka kuwa mtendwa katika sentensi yake mwenyewe. Jirani zetu wa Kivu husema "niko na mawazo mingi", na mwalimu anayesikia sentensi hiyo akakimbilia kusahihisha upatanisho wa kisarufi atakuwa ameshughulikia jambo dogo na kuliacha kubwa.

Cha kushangaza ni kwamba mwanafunzi wetu anayezungumza Kiganda hakuhitaji kufundishwa jambo hili. Nyumbani kwao mtu akisemwa ana ebirowoozo bingi, hakuna anayedhani ni mbunifu. Kila mtu anajua kwamba ana mashaka. Kwa hiyo lugha hizi mbili za Kibantu zinaelewana vizuri kabisa. Tatizo limeletwa na daraja tulilolipitia: kati ya mawazo na ebirowoozo tumeliweka neno la Kiingereza lisilo na huzuni hata chembe. Tungependa walimu wetu walifikirie hilo watakapokuwa wakiandaa orodha za msamiati.

Hujambo, na mkia wa jibu

Salamu ndiyo somo la kwanza katika kila kitabu cha Kiswahili, nasi hulifundisha haraka haraka ili tufike kwenye mambo tunayoyaona mazito. Hata hivyo, salamu ndiyo mahali ambapo huzuni hujificha kuliko pengine popote. "Hujambo" humuuliza mtu kama hana jambo, na adabu inamtaka ajibu "sijambo" hata kama anayo mambo kumi. "Habari?" hujibiwa "nzuri", hata msibani. Mgeni wa lugha huweza kuudhika na kuona kwamba watu wanadanganyana. Hawadanganyani. Jibu la kwanza ni la heshima tu, ni kama kubisha hodi. Habari yenyewe huja baadaye.

Huja katika mkia wa jibu. "Nzuri, ila..." "Njema kiasi." "Salama tu, tunamshukuru Mungu," ikisemwa kwa sauti ya kushuka. "Tunasukuma siku." "Nipo nipo tu." "Bora uhai." Kila moja ya misemo hii yaweza kuwa mzaha, na mara nyingi ni mzaha kweli. Lakini mtu aliyezoea kujibu "safi kabisa" akianza kujibu "nipo tu" wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu, hiyo si tena salamu. Ni taarifa.

Katika mila za Waswahili salamu haziishi upesi. Huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za siku nyingi, na katikati ya maswali hayo mtu hupata mlango wa kusema lake bila kuonekana ameomba msaada. Ujumbe mfupi wa simu umeufupisha mlango huo hadi kuwa "Mambo?" na "Poa." Hatuwalaumu vijana kwa hilo, maana hata sisi tunaandika hivyo. Tunachosema ni kwamba neno "poa" halina mkia, na anayetaka kujua hali ya mwanawe aliye chuoni hana budi kumpigia simu na kumsalimu kwa ukamilifu, kisha anyamaze kidogo baada ya lile "nzuri" la kwanza.

Akili, moyo na majina ya hospitali

Sasa tuje kwenye istilahi rasmi. "Afya ya akili" imekwisha kubaliwa na wizara na vyombo vya habari, na hatupendekezi ibadilishwe. Lakini ni vizuri kujua kwa nini neno hilo linawafukuza watu. Katika mazungumzo ya kila siku akili ni werevu. Asiye na akili ni mjinga. Kwa hiyo ukimwambia mtu kwamba ana "tatizo la akili", anasikia tusi kabla hajasikia ugonjwa. Tena lugha yetu haiyaweki maumivu hayo akilini. Huyaweka moyoni, rohoni na nafsini: moyo mzito, kuvunjika moyo, kufa moyo, roho mkononi, nafsi kukosa utulivu. Anayetaka kuzungumza na mama yake kuhusu jambo hili atafika mapema zaidi akianzia moyoni kuliko akianzia akilini.

Upande wa pili kuna wazimu, neno lenye ukoo na mzimu, na wenzake kichaa, mwehu, chizi na punguani. Maneno haya yamechukua nafasi kubwa sana vichwani mwetu, kiasi kwamba tukisikia "ugonjwa wa akili" tunamwona mtu anayetembea uchi barabarani. Wagonjwa walio wengi hawako hivyo. Wanakwenda kazini, wanapika, wanafanya mitihani, wanatabasamu kwenye picha za harusi.

Majina ya hospitali nayo yamepatwa na msiba huo huo. Butabika hapa Kampala, Mathari jijini Nairobi, Mirembe mjini Dodoma, Kidongo Chekundu huko Unguja: kila moja ni hospitali ambayo watu hutibiwa na kurudi nyumbani, na kila moja imegeuzwa kuwa dhihaka ya shuleni. Msomaji wa Uganda atatabasamu akiliona jina la Mirembe, kwani kwa Kiganda neno hilo ni amani.

Msongo, sonona na wasiwasi

Magazeti ya Kiswahili hutumia "msongo wa mawazo" kwa karibu kila kitu: uchovu wa kazi, karo isiyolipwa, mapenzi yaliyovunjika, na ugonjwa mzito unaomlaza mtu kitandani mwezi mzima. Hapo tunatofautiana nayo kidogo. Msongo unatokana na kusonga, yaani kubana na kuminya. Ni shinikizo linalotoka nje. Mtihani unakaribia, mwili unakaza, moyo unakwenda mbio. Mtihani ukipita, mtu hulala. Msongo wa namna hiyo si ugonjwa, na wakati mwingine humsaidia mtu kuamka mapema.

Sonona ni jambo jingine. Kusononeka ni kuumia moyoni kwa muda, na Watanzania wamefanya vyema kulichukua neno hilo la kale na kuuita ugonjwa huu sonona. Mtu mwenye sonona huweza kulipiwa karo yote na bado asifurahi. Ndiyo maana kuyachanganya maneno haya mawili kuna madhara: mgonjwa wa sonona akiambiwa kwamba "kila mtu ana msongo wake", anaamini kwamba wenzake wanabeba mzigo ule ule na yeye peke yake ndiye aliye dhaifu. Lipo pia neno "unyogovu", ambalo hutokea katika tafsiri nyingi. Sisi hatujapata kumsikia mama yeyote akisema mwanawe ana unyogovu, kwa hiyo tunaliachia tafsiri.

Madaktari hutofautisha huzuni ya kawaida na sonona kwa kuangalia muda na athari. Dodoso linalotumika sana duniani, liitwalo PHQ-9, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na tafsiri zake za Kiswahili zimekuwa zikitumika katika utafiti na katika zahanati. Maswali hayo hugusa mambo haya: kupoteza hamu ya vitu ulivyovipenda, kuwa na huzuni au kukata tamaa, usingizi kupungua au kuzidi, uchovu, chakula, kujiona hufai, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, kupooza au kuhangaika mwilini, na fikra za kufa au kujidhuru. Kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Mambo mawili ya kwanza yana uzito wa pekee, kwani sonona haithibitishwi bila angalau moja kati yake kuwapo.

Lakini Waswahili hawaji zahanati wakisema "nimepoteza hamu". Husema kichwa kinauma, mwili hauna nguvu, chakula hakipiti, usingizi haunijii, moyo unanienda mbio. Mganga hupima malaria, hapati kitu, anampa vidonge vya kutuliza maumivu, na mgonjwa hurudi tena baada ya wiki mbili. Kwa sababu hii watafiti wa Muhimbili jijini Dar es Salaam, akiwemo Sylvia Kaaya, walichapisha mwaka 2008 kazi kuhusu dodoso lililotungwa nchini humo kwa kuzingatia jinsi wagonjwa wenyewe wanavyoyaeleza maumivu yao. Hiyo ni kazi ya utabibu, lakini ndani yake imo isimu tupu, na wanafunzi wetu wanaotafuta mada za tasnifu wangefaa kuiangalia.

Kuhusu wasiwasi tutasema machache. Neno ni la Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono wa kishawishi moyoni. Pwani wanao pia wahaka na jakamoyo, maneno mazuri ambayo vitabu vyetu vimeyasahau. Wasiwasi wa kawaida una sababu inayoonekana. Ukidumu kwa miezi bila sababu inayolingana nao, au ukimzuia mtu kutoka nje ya nyumba, huo nao unatibika kama sonona.

Majibu tunayoyatoa

Mtu akisha sema kwamba ana mawazo, Kiswahili kinatupa majibu mengi ya haraka. Jikaze. Usijali. Vumilia tu, yatapita. Mwachie Mungu. Kila mtu ana yake. Kwa wanaume huongezwa kwamba mwanamume halii. Wasemaji wana nia njema, na kwa mtu aliyeanguka kwenye baiskeli "jikaze" ni neno la maana. Lakini kukaza ni kufunga. Jikaze linanukia jando, linamtaka mtu afunge mdomo na meno na asitoe sauti, na huyu alikuwa ndiyo kwanza ameufungua mdomo baada ya miezi mitatu. "Mwachie Mungu" nalo hutegemea linakuja wakati gani. Likitangulia, huyafunga mazungumzo. Likija baada ya mtu kusikilizwa hadi mwisho, huwa faraja, na kwa waumini walio wengi ni faraja kubwa.

Neno bora tulilo nalo ni "pole". Wanafunzi huambiwa kwamba ni kuomba radhi, jambo ambalo si sahihi, maana anayesema pole hajakosa kitu. Anakiri tu kwamba mwenzake ameguswa na jambo. Humwambia pole aliyefiwa, aliyechoka, aliyejikwaa, hata aliyetoka safarini. Halimpi mtu ushauri na halimhukumu. Ubaya ni pale pole inapokuwa neno la mwisho. "Pole sana" na kuondoka ni kufunga mlango kwa upole. "Pole. Ilianza lini?" ni kuufungua. Maswali yanayofuata si ya kitaalamu, na kila mmoja wetu anayaweza: Usiku unalala? Unakula? Nani mwingine anajua? Kitu gani ni kizito zaidi kwa sasa? Kisha mtu asikilize, wala asikimbilie kusimulia ya kwake yaliyomkuta mwaka juzi.

Heshima ya umri nayo ina nafasi yake. Mtoto wa Kiafrika hamwambii baba yake "nina huzuni" akiwa amemkazia macho, na si lazima amwambie. Mila zilikuwa na njia za pembeni. Pwani msichana alikuwa na somo wake, Buganda ana ssenga, na karibu kila mahali mjukuu ana utani na bibi na babu ambao baba hawezi kuwa nao. Familia zilizohamia mijini zimeziacha njia hizi kijijini na hazijaweka nyingine. Mzazi akiona mwanawe amejifungia chumbani na hajibu, kumtumia shangazi, mjomba au jirani ambaye mtoto anampenda si kushindwa malezi. Ndivyo tulivyolelewa.

Baada ya matanga

Kufiwa si ugonjwa, na hatutaki mtu yeyote aondoke na dhana kwamba anayemlilia mzazi wake anahitaji vidonge. Lugha yenyewe inakubali kwamba majonzi yana madaraja: huzuni, simanzi, jitimai, kihoro. Mila zimepanga muda pia. Pwani watu hukaa matanga, kwa kawaida siku tatu, kisha matanga huanuliwa. Wengi husoma arobaini. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Buganda kuna okwabya olumbe, ambapo mrithi hutawazwa na msiba kufungwa rasmi. Mpangilio huu ni hekima kubwa, kwa sababu unampa mfiwa watu, chakula na kazi ya kufanya.

Hata hivyo uzito huja watu wakishaondoka. Turubai limerudishwa, masufuria yameoshwa, simu imenyamaza, na ndipo mfiwa anapokaa peke yake na kitanda kitupu. Wiki ya tano ina upweke kuliko siku ya kwanza. Mwanafunzi anayerudi chuoni siku nne baada ya mazishi kwa sababu ya mtihani anakutana na jambo hilo bwenini, mbali na wote wanaomjua marehemu. Kumtembelea wakati huo, na kulitaja jina la marehemu bila woga, kuna thamani kuliko mchango uliotolewa siku ya mazishi. Kama baada ya miezi mingi mtu bado hawezi kula, kufanya kazi wala kuhudumia watoto wake, hapo ndipo apelekwe kwa mtaalamu.

Masaka, Rakai na Harare

Je, kuzungumza kunaponya kweli, au ni maneno ya kufurahishana? Mfano tulionao uko hapa hapa nchini. Wilaya za Masaka na Rakai ziliathirika vibaya na UKIMWI, na watafiti waliokwenda huko waliwauliza kwanza wanakijiji wenyewe wanaumwa nini moyoni. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Angalia kwamba okukubagiza ni kumfariji mfiwa. Mwenye okwekubagiza ni kama amejifia na kujipa pole mwenyewe. Dalili zilizotajwa chini ya maneno hayo zilikaribiana sana na zile ambazo madaktari huziita sonona.

Baada ya hapo ukafanyika utafiti katika vijiji 30, ukaongozwa na Paul Bolton na wenzake na kuchapishwa mwaka 2003. Katika nusu ya vijiji yaliundwa makundi ya wanawake na ya wanaume, kila kundi likikutana mara moja kwa wiki kwa dakika 90, kwa muda wa wiki 16. Walioyaongoza hawakuwa madaktari bali wenyeji wazungumzao lugha ya watu, waliopewa mafunzo ya wiki chache. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliokuwa kwenye makundi walikuwa na vigezo vya sonona. Mwishoni ilibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikuwa na makundi, kiwango kilishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7 tu. Hawakupewa dawa, na hawakupewa fedha. Walizungumza juu ya kufiwa, juu ya ugomvi na juu ya mabadiliko ya maisha, wakasaidiana kutafuta la kufanya wiki inayofuata. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa tiba hiyo ya makundi ili itumike kwingine.

Zimbabwe wana mfano wao. Kishona kina neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, ambalo msomaji wa makala hii atalitambua mara moja kuwa ndugu wa "mawazo mengi". Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianzisha jijini Harare huduma ya benchi la urafiki: benchi la mbao nje ya zahanati, na juu yake bibi mmoja aliyefundishwa kusikiliza. Mtu hueleza yote yanayomsumbua, kisha wanachagua moja la kuanzia, wanapanga hatua ndogo, anarudi kueleza imekwendaje. Matokeo ya utafiti juu yake yalichapishwa mwaka 2016, nayo yalionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mabibi hao hawakuanza na neno la kitabibu. Walianza na kufungisisa.

Swali gumu

Kuna sentensi ambazo haifai kuzipitisha kama mzaha: "nimechoka na dunia", "afadhali Mungu anichukue", "mtabaki salama", "nikiondoka hamtahangaika tena". Mara nyingine huambatana na mtu kugawa vitu vyake, au na utulivu wa ghafla baada ya siku nyingi za mahangaiko. Watu wengi huogopa kuuliza, wakidhani kwamba kulitaja jambo ni kuliita. Utafiti umeonyesha kwamba si hivyo. Kumuuliza mtu hakumpandikizii fikra ya kujiua, na mara nyingi humtua mzigo. Uliza kwa sauti ya kawaida na kwa maneno ya wazi: "Je, umefikia mahali pa kufikiria kujiua?" Akisema ndiyo, usimkemee wala usimwapishe. Usimwache peke yake. Vitu vya hatari vilivyomo nyumbani, dawa za shamba zikiwa za kwanza, viondolewe au vifungiwe, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na mtu anayemwamini.

Woga wa sheria huwafanya watu wafiche. Nchini Kenya, mwezi Januari mwaka 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha katiba. Kwa vyovyote vile, mahali pa kumpeleka mtu wa namna hii ni kwa mganga.

Pa kwenda, na nani atafsiri

Hospitali za rufaa za mikoa hapa Uganda zina vitengo vya afya ya akili, na si lazima mtu afike Butabika ili atibiwe. Vyuo vingi vina ofisi ya ushauri nasaha ambayo wanafunzi huipita kila siku bila kuingia. Kwa watoto ipo simu ya bure namba 116, ambayo hutumika pia Kenya na Tanzania. Mgonjwa akipewa dawa za sonona ni muhimu nyumbani wajue kwamba hazifanyi kazi siku ya pili kama panado. Huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya nafuu kuonekana, na haifai kuziacha ghafla bila kumwona daktari. Kulala kwa saa zinazoeleweka, kutembea kwa miguu na kupunguza pombe husaidia, ingawa mtu mwenye sonona nzito hawezi kuyaanza hayo kwa kuambiwa tu. Mshike mkono mtoke wote.

Jambo la mwisho linawahusu wanafunzi wetu moja kwa moja. Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na hata mijini wapo wakimbizi wengi kutoka Kongo ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kuzungumza na mganga, na mganga huenda hakijui. Anayeitwa kusaidia ni mwanafunzi aliye karibu, mara nyingi wa idara kama hii. Basi mkisimama hapo katikati, mtafsiri maana. Mama akisema moyo unamuuma, msikimbilie ugonjwa wa moyo. Mwulizeni kwanza kama ni kifua au ni huzuni, naye atawaambia. Akisema ana mawazo, mwambieni mganga kwamba analemewa na mambo na huenda halali, kisha mrudishe swali kwa mama: tangu lini? Akinyamaza, mwambieni mganga kwamba amenyamaza, wala msimjazie jibu. Na yale mtakayoyasikia humo ndani yasitoke nanyi mlangoni.